Kile kikaratasi cha ghalani: soko la korosho lilikotoka na kwa nini usikitupe

Msimu ukifunguliwa utapeleka magunia yako kwenye ghala la chama cha msingi, yatapimwa, kisha utapewa stakabadhi. Wengi huikunja wakaitia mfukoni mwa shati, na shati likifuliwa ndiyo imekwisha. Leo tuache kidogo habari za salfa na palizi. Nataka ujue kikaratasi hicho kimetoka wapi, maana kimewagharimu wakulima waliokutangulia.

Enzi ya mnunuzi mmoja

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia. Operesheni Vijiji nayo iliwahamisha watu, mikorosho ikabaki mbali na nyumba zao na mashamba yakageuka pori. Lakini soko pia lilichangia. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ununuzi ukawa mikononi mwa mamlaka ya zao. Bei ilipangwa mbali na kijiji, na sehemu kubwa ya fedha ya mauzo ya nje haikumfikia mkulima. Mtu akiona palizi haimlipi, anaacha kupalilia.

Enzi ya wafanyabiashara binafsi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Salfa ilianza kutumika kwa wingi, watafiti wa Naliendele wakasaidia kudhibiti ubwiriunga, na uzalishaji ukapanda tena. Ila ukaja ugonjwa mwingine, wa mizani. Mnunuzi alikuja na kipimo chake na bei yake, akamkuta mkulima ana mgonjwa ndani au ada ya shule inadaiwa. Ndipo ilipoota mizizi ile biashara tunayoiita kangomba: korosho inapimwa kwa kopo badala ya mizani, au inauzwa ingali juu ya mti. Mkulima hakuwa na njia ya kujua korosho hiyohiyo inauzwa bei gani bandarini Mtwara.

Stakabadhi ghalani

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Korosho zinakusanywa na chama cha msingi, zinapelekwa ghala kuu lenye leseni, zinakaguliwa ubora na uzito, kisha zinauzwa kwa mnada. Wanunuzi wakawa wanashindana, na bei inasomwa mbele ya wakulima.

Hata hivyo matatizo hayakwisha. Miaka ya mwanzo mkulima alipewa malipo ya awali kwa bei dira, kisha akasubiri malipo ya pili baada ya mauzo. Malipo hayo ya pili yalipokuja pungufu ya matarajio, Aprili 2013 zilizuka vurugu Liwale na nyumba zikachomwa moto. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada wakiziona ndogo, na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku jeshi likisomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki ulifanyika kwanza ili kuwabaini watu wa kangomba, na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 wakiwa bado hawajapata fedha zao.

Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi anaweka bei akiwa popote, na mshindi anaonekana kwenye skrini.

Palipobaki kwako

Ukiitazama historia hii yote utaona kwamba mkulima aliumia mahali ambapo hakuweza kuona: kwanza bei, kisha mizani, kisha malipo na makato. Kila badiliko lilifungua dirisha moja. Mnada wa mtandaoni umefungua dirisha la bei, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mtandao haujui gunia lako lilikuwa na kilo ngapi kabla halijaunganishwa na ya wenzako. Katika ghala kuu mzigo unapokelewa kwa jina la chama, si kwa jina lako. Kinachokuunganisha wewe na mzigo ule ni kumbukumbu ya chama cha msingi pamoja na hicho kikaratasi. Ukikipoteza, umerudi enzi ya kopo.

Kwa hiyo msimu huu fanya haya:

1. Anika korosho juani siku mbili hadi tatu, uzichambue, utenge daraja la kwanza na la pili nyumbani kwako. Ukichanganya, mzigo wote utashushwa daraja.
2. Tumia magunia ya juti. Usitumie viroba vya plastiki, maana korosho hushika unyevu na kuharibika.
3. Simama kwenye mizani mwenyewe. Angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, na kama inaanzia sifuri kabla gunia halijawekwa.
4. Soma stakabadhi kabla hujaondoka: jina, kilo, daraja, tarehe, namba ya akaunti. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha haitakufikia.
5. Ipige picha kwa simu, na yenyewe uitunze hadi fedha iingie.
6. Siku ya mnada andika bei ya mzigo wenu. Zidisha kwa kilo zako, linganisha na kilichoingia benki. Tofauti hiyo ndiyo makato.
7. Kwenye mkutano mkuu wa chama, omba makato yasomwe moja moja: ya chama, ghala, usafirishaji, ushuru wa halmashauri. Ni haki yako kama mwanachama. Usiulize kwa hasira, uliza ukiwa na karatasi mkononi.

Na jirani akikwambia kangomba inalipa papo hapo, mwambie akuonyeshe mizani yake.