Mguu wa kuku kwenye vyuma vya babu (Sehemu ya 4)

Mama, hebu geuza lile koleo au shoka la zamani mlilorithi. Ukiona mistari mitatu imekutana juu kama mguu wa kuku, hilo si pambo la fundi. Ni mshale wa serikali ya Uingereza.

Chanzo chake ni wizi. Mali za jeshi la majini zilikuwa zinapotea bandarini, na mwaka 1698 ikatoka sheria: ukikutwa na kitu chenye mshale bila kibali, una kesi. Ukapigwa kila mahali, mpaka kwenye nguo za wafungwa wa Uingereza, hadi 1922.

Mshale ukiwa kati ya W na D, ni Idara ya Vita. Mara nyingi na mwaka upo. Ukiwa ndani ya C ni Kanada, kati ya D mbili ni Australia, ndani ya U ni Afrika Kusini. Hao wa U walipita kwetu vita vyote viwili. Februari 1916 walipigana Salaita, karibu na Taveta. Na mishale miwili iliyogusana ncha? Jeshi lenyewe liliuza. Kwa hiyo babu hakuiba, msimsingizie!

Hata mikasi ya upasuaji ya zamani inao. Ila kinachonitia wasiwasi mimi nesi ni dumu la chuma la lita 20. Walilibuni Wajerumani, Waingereza wakaliiga baada ya madebe yao ya petroli kuvuja mno. WD na 1943 zitakwambia mwenyewe na umri, lakini hazikwambii kila kilichowahi kumiminwa humo. Petroli ya enzi hizo ilitiwa madini ya risasi, na rangi za zamani pia zinaweza kuwa nayo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kutapika kwa kukushtua. Harufu kuisha si kipimo. Maji ya kunywa msiweke humo, na mtoto asitafune magamba ya rangi.

Tena mshale huohuo ulipigwa kwenye mabomu na makombora. Chuma kizito chenye ncha, kimeota kutu shambani, usikigeuze kutafuta alama. Watoto wanaookota chuma chakavu waambiwe leo: wasiguse, wasirushie jiwe, warudi walikopita na wamwite mtu mzima apigie polisi.