Kitenzi "Give" na Vielezi Vyake: Historia ya Muungano Mmoja katika Kiingereza

Mwanafunzi aliyekwisha kujua kwamba "give" ni kupa na "up" ni juu hawezi kutambua kutokana na maarifa hayo kwamba "give up" ni kuacha, kukata tamaa, au kusalimu amri. Maneno yote mawili anayajua. Muungano wake ndio asioujua. Mara nyingi huambiwa kwamba hapana kanuni, na kwamba imempasa kukariri tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba miungano ya namna hii ina historia yake, kwamba historia hiyo hueleza mengi ya yale yanayodhaniwa kuwa vurugu, na kwamba yamfaa pia mchunguzi wa Kiswahili.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa hadi kiasi cha mwaka 1100, kazi ya kugeuza maana ya kitenzi ilifanywa kwa sehemu kubwa na viambishi awali. Kitenzi "giefan", kupa, kilizaa "āgiefan", kurudisha au kukabidhi; "ofgiefan", kuacha au kuhama; na "forgiefan", kujalia au kusamehe. Katika hivyo vitatu ni cha mwisho tu kilichosalia, nacho ni "forgive" ya leo. Viambishi hivyo vilikuwa vimeanza kuchakaa, kwa kuwa havikutiwa mkazo katika matamshi na maana zake zilikuwa zimefifia. Vielezi kama "ūp" na "ūt" navyo vilikuwapo, na viliweza kusimama kabla ya kitenzi au baada yake. Kijerumani kimehifadhi hali inayokaribiana na hiyo: kitenzi "aufgeben", kuacha, hutanguliza kielezi, lakini katika sentensi ya kawaida husemwa "ich gebe auf". Kiingereza, kadiri kitenzi kilivyozoea kutangulia yambwa, kilikiweka kielezi nyuma ya kitenzi.

Sababu ya pili hutajwa mara kwa mara. Tangu nusu ya pili ya karne ya 9, watu wa Skandinavia walifanya makao kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao, Kinorsi cha Kale, ilikuwa imekwisha kupoteza viambishi awali vingi vya aina hiyo, ikategemea vielezi vilivyofuata kitenzi. Nayo ilikuwa na "gefa upp". Wataalamu hawapatani juu ya uzito wa athari hiyo, kwani wengine huona kwamba Kiingereza kilikuwa kimeshika njia hiyo chenyewe. Yaelekea kwamba jirani alihimiza safari iliyokuwa imekwisha kuanza.

Miongoni mwa mifano ya awali ya "give up" ni ule ulio katika tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough, ambayo masimulizi yake yanakoma mwaka 1154. Mwandishi asimulia, chini ya mwaka 1137, jinsi Mfalme Stephen alivyomfunga Askofu Roger wa Salisbury na jamaa zake hata wakatoa ngome zao. Tukio lenyewe lilikuwa la mwaka 1139. Neno alilolitumia ni "iafen up". Kitenzi chake kingali na sauti ya "y" ya Kiingereza cha Kale. Sauti ya "g" tuliyoizoea leo yasadikiwa kutokana na Kinorsi. Hapa maana ingali karibu na asili: mtu hukabidhi kitu kwa aliye juu yake. Kutoka kukabidhi ngome, si mbali kufika kwenye kuachilia mali, kisha kuachilia tumaini, na mwisho kuacha jambo lolote, hata pasipo yambwa.

Baada ya mwaka 1066 Kifaransa, na pamoja nacho Kilatini, vilileta maneno mengine ya maana hizo hizo: "surrender" na "abandon" kando ya "give up", na "distribute" kando ya "give out". Maneno ya kigeni yakashika mahakama, kanisa na kitabu; muungano wa kienyeji ukabaki nyumbani na sokoni. Ndiyo sababu hata leo "give up" ni neno la mazungumzo zaidi kuliko "surrender". Tofauti hiyo ya rejista ni matokeo ya historia.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliitambua miungano hii kuwa taabu kubwa kwa wageni, akaitaja "give over", kuacha, miongoni mwa mifano yake. Hata hivyo jina linalotumiwa leo na wanasarufi wa Kiingereza lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, aliyeeleza kwamba alipewa na Henry Bradley. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi vichache mno, "give" kikiwa kimoja. Lakini wepesi huo ulikuwa wa hesabu tu. Vitenzi vilivyoondolewa vilirudi kwa mlango wa nyuma, vikiwa miungano, na mwanafunzi akabebeshwa mzigo usioandikwa katika orodha.

Je, Kiswahili kina jambo kama hili? Kwa kawaida lugha yetu hugeuza maana ya kitenzi ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia. Lakini tuangalie "tupilia mbali", "futilia mbali" na "potelea mbali". Hakimu atupiliaye mbali rufani hapimi umbali wowote, wala kiambishi cha kauli ya kutendea hakimtaji mtu aliyetendewa. Kiambishi na kielezi hushirikiana kuonyesha kwamba tendo limetimia kabisa, na hiyo ni moja ya kazi ambazo "up" huifanya katika "eat up", kula yote pasi kubakiza. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili haingii katika nyumba asiyoijua.

Hatuna budi, basi, kuacha kumfundisha mwanafunzi kwamba "give up" ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Ni neno moja lenye sehemu mbili, na sehemu hizo huweza kutengana: husemwa "give it up", wala haisemwi "give up it". Kamusi ziorodheshe kila muungano kwa maana yake, na mwalimu aufasiri kwa kitenzi kizima cha Kiswahili. Na mtunzi wa kamusi ya Kiswahili ajiulize vilevile "tupilia mbali" ameiweka wapi, na kama msomaji atakayeitafuta ataipata.