Linux na safari ndefu ya kutafuta sauti

Mtumiaji wa Linux aliyekosa sauti akifungua alsamixer kwenye kioo cheusi cha amri, hukuta nguzo kadhaa zimesimama wima, na chini ya mojawapo herufi mbili: MM. Njia hiyo imezibwa. Akibonyeza M zinageuka 00, na muziki uliokuwa ukipigwa bila kusikika unalipuka. Kwa miaka mingi kama kuna MM ndilo lilikuwa swali la kwanza kwa kila mlalamikaji, maana ALSA, mfumo wa draiva za sauti wa Linux, iliziwasha kadi za sauti huku njia zao zote zikiwa zimefungwa.

Kabla ya ALSA mambo yalikuwa mepesi zaidi, na mabovu zaidi. Mwaka 1992 Hannu Savolainen wa Finland aliiandikia Linux draiva ya kadi ya Sound Blaster; kazi hiyo ikakua ikawa OSS. Programu ilimwaga sauti moja kwa moja kwenye faili liitwalo /dev/dsp. Hata picha ungeweza kuimwaga humo ukasikia inavyokwaruza! Shida ni kwamba, kwa kadi nyingi, programu iliyowahi kulifungua faili hilo ililihodhi. Nyingine zote zilibaki bubu mpaka ya kwanza ifungwe.

OSS ilipoelekea kwenye biashara, Jaroslav Kysela, Mcheki aliyekuwa na kadi ya Gravis Ultrasound, alianza mwaka 1998 kazi iliyozaa ALSA. Iliingia rasmi kwenye keneli ya 2.6, Desemba 2003.

Draiva zikawa bora, lakini ugomvi wa kugawana kadi haukuisha. GNOME, mojawapo ya mazingira ya kazi ya Linux, ilikuwa na msimamizi wake wa sauti, ESD. KDE, mshindani wake, nayo ilikuwa na aRts. Ukiendesha programu za pande zote mbili, upande mmoja ulinyamaza. Mwaka 2004 Lennart Poettering akaanzisha mradi ambao baadaye uliitwa PulseAudio, ili pawe na msimamizi mmoja. Kati ya wasambazaji wa Linux, Fedora 8 iliupokea mwaka 2007, na Ubuntu 8.04 mwaka uliofuata.

Hapo ndipo matusi yalipoanza. Sauti ilikatika, ikakwaruza, ikapotea kabisa, na ushauri uliozagaa ukawa mmoja: ing'oe PulseAudio. Kwa maoni yangu ilionewa, ingawa si kwa yote. Wasambazaji waliisambaza mbichi. Ili isiiamshe kompyuta kila mara, iliiuliza draiva kadi imefikia wapi katika kupiga sauti, na draiva nyingi zilijibu uongo. Hakuna aliyeugundua uongo huo mapema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza kwa umakini kiasi hicho.

Kisha ikaja HDMI. Mara nyingi amri ya aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti, ilionyesha kadi namba 0 ni ya HDMI, spika zikiwa kwenye kadi namba 1. Sauti ikapelekwa kwenye skrini isiyo na spika, na kila programu ikaapa kwamba inafanya kazi.

Wim Taymans, Mbelgiji wa Red Hat, alianza na video tu mwaka 2015, kisha mradi wake, PipeWire, ukabeba na sauti. Fedora 34 iliukabidhi kazi ya PulseAudio mwaka 2021. Safari hii vurugu zilikuwa chache, kwa sababu PipeWire huzungumza na programu kwa lugha ileile ya mtangulizi wake. Ukiandika pactl info kwenye kompyuta ya leo, mstari wa jina la seva huyataja yote mawili: PulseAudio, iliyo juu ya PipeWire.