Wolbachia: bakteria wanaofunga kizazi cha wadudu

Leo tuachane kidogo na tarakilishi. Tuangalie programu ya aina nyingine, ile inayorithiwa ndani ya mayai ya wadudu.

Mwaka 1924 Marshall Hertig na Samuel Wolbach wa Harvard, Marekani, waliona bakteria ndani ya viungo vya uzazi vya mbu aina ya Culex pipiens. Mwaka 1936 Hertig akawapa jina: Wolbachia pipientis. Kwa miaka mingi hakuna aliyewajali sana.

Katika miaka ya 1950 Hannes Laven wa Ujerumani alikuwa akipandisha mbu wa sehemu mbalimbali. Dume wa huku akikutana na jike wa kule, mayai yanakuwa viza. Akagundua kuwa tabia hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Mwaka 1967 alieleza jaribio lake la kijiji cha Okpo, Burma: aliachilia madume wasiopatana na majike wa pale, na baada ya wiki kadhaa mbu wakakosa kuzaa.

Wakati huo sababu haikujulikana. Programu inafanya kazi, lakini hakuna anayejua kwa nini! Ni mwaka 1971 ndipo Yen na Barr wa California walipopendekeza kwamba chanzo ni wale bakteria wa Hertig. Mbu walipopewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, tatizo likaisha.

Inakwenda hivi. Dume mwenye Wolbachia hutia kufuli kwenye mbegu zake. Jike mwenye bakteria wale wale ana ufunguo. Asiye nao, mayai yake hufa. Jeni zinazofanya kazi hii zilitambuliwa mwaka 2017.

Je, mkulima anapata nini? Chukua inzi wa matunda, Ceratitis capitata. Wazungu humwita wa Mediterania, lakini asili yake ni Afrika hii yetu, na hushambulia maembe, machungwa, hata kahawa. Mwaka 2004 watafiti wa Ugiriki, akiwemo Kostas Bourtzis, walitangaza kuwa wametoa Wolbachia kwa inzi wa cheri na kumdunga huyu akiwa bado yai. Ndani ya vizimba vya maabara, madume wa ukoo huo waliangusha uzazi wa wenzao bila tone la sumu.

Hatari iko kwa majike. Wachache wakiponyoka pamoja na madume, wao wana ufunguo. Watazaa, watoto watarithi, na siku moja kila jike shambani atakuwa nao. Hapo kufuli halina maana tena. Si hadithi: huko California, katika miaka ya 1980, Wolbachia ilienea kati ya inzi wadogo, Drosophila simulans, kwa takriban kilomita 100 kwa mwaka.

Guangzhou, China, walipata njia kwa upande wa mbu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019: walipiga wadudu mionzi kidogo kabla ya kuwaachilia, ili jike atakayeponyoka awe tasa. Kwa hiyo anayetaka kuleta teknolojia hii kwenye maembe yetu aulizwe kwanza: majike umewafanyaje?