Siku 50 za Kaab bin Malik



Ndugu zangu vijana, kila Ramadhan ikiingia twasikia kisa cha Badri, na ni haki yake, kwani vita vile vilikuwa tarehe 17 ya mwezi huu, mwaka wa 2 Hijria. Lakini kuna kisa kingine kilichoanguka Ramadhan na wengi wetu hatukijui hivyo. Hiki si cha ushindi. Ni cha mtu aliyekosa, akajua amekosa, na akawa hana pa kuliweka donge lililomkaa rohoni.

Mtu mwenyewe ni Kaab bin Malik (R.A.), Answari wa ukoo wa Bani Salima, mmoja katika washairi wa Mtume (S.A.W.), na miongoni mwa waliotoa ahadi usiku wa Aqaba kabla ya Hijra. Kwa hivyo si mnafiki, wala si mtu aliyesilimu juzi.

Mwaka wa 9 Hijria (630), mwezi wa Rajab, Mtume (S.A.W.) alitangaza safari ya Tabuk, karibu kilomita 700 kaskazini ya Madina, kwenda kuikabili dola ya Rumi. Jua lilikuwa kali, njia ndefu, na huku matunda yameiva na vivuli vya mashamba vinavutia. Kaab alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuwa na afya na mali kama wakati ule. Alikuwa na vipando viwili, na kabla ya hapo hakuwahi kumiliki viwili kwa pamoja. Udhuru, basi, hana. Kilichomponza ni "kesho". Kila asubuhi hutoka ili ajitayarishe, hurudi hajafanya lolote, na hujiambia kuwa uwezo anao, atafanya tu. (Sisi tulio vyuoni twaijua sana kesho hii, hasa mtihani ukikaribia.) Jeshi likaondoka. Akasema atalifuata njiani. Hakulifuata.

Hapo majuto yakaanza. Akipita mjini haoni mwanamume ila yule anayetuhumiwa unafiki, au mnyonge ambaye Mwenyezi Mungu amempa udhuru. Akawa anajiuliza yeye yuko upande upi.

Mtume (S.A.W.) aliporejea, watu themanini na kitu walikwenda msikitini na viapo na visingizio, naye akawapokea kwa dhahiri yao na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab naye alikuwa ametunga maneno yake, na tukumbuke huyu ni mshairi, kusema kwake ni rahisi. Lakini alipokaribia akaona uongo hautamfaa. Akakaa mbele ya Mtume (S.A.W.), aliyemtazama kwa tabasamu la mtu mwenye hasira, akasema wazi kuwa hakuwa na udhuru wowote. Akaambiwa aende angoje hukumu ya Mwenyezi Mungu.

Kutoka nje tu, jamaa zake wakamfuata wakimlaumu: mbona hukutoa udhuru kama wenzako? Wakamkalia hadi akakaribia kurudi ndani ajikanushe. Akauliza kama kuna mwingine aliyesema kama yeye. Akatajiwa wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, watu wema. Akatulia.

Kisha likaja lile zito zaidi. Waislamu walikatazwa kusema na watu hawa watatu. Ibn Is-haq ameandika kuwa Mtume (S.A.W.) alirejea Madina mwezi wa Ramadhan. Basi fanya hesabu, ndugu msomaji: kususiwa kulidumu siku 50, na mwezi hauzidi siku 30. Maana yake Idd iliwakuta humo humo. Madina nzima yapeana mkono, na wao hawana wa kuwajibu salamu.

Murara na Hilal walijifungia majumbani wakilia. Kaab alikuwa kijana kuliko wao, naye akawa atoka. Anakwenda sokoni, hasemeshwi. Anakwenda msikitini, anamsalimia Mtume (S.A.W.), kisha anatazama kama midomo yake imetikisika kujibu. Anaswali karibu naye na kumwibia jicho. Siku moja akapanda ukuta wa shamba la binamu yake, Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote. Akamsalimia, kimya. Akamuuliza mara tatu kwa jina la Allah kama hajui kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Jibu likawa kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume Wake ndio wajuao. Kaab akatokwa na machozi, akarudi alikotoka.

Kila nikifika hapa mimi husimama. Wangapi kati yetu, tukikosea kidogo na kutazamwa vibaya na wazee wa msikiti, huacha msikiti? Twasema eti sisi tumeshaharibika, tuachwe na yetu. Kaab alinyimwa hata salamu, na bado kila swala akaenda kusimama pale pale panapomuuma. Simkosoi Hilal wala Murara kwa kukaa ndani, kwani toba yao ilikubaliwa sawa na yake. Nasema tu kwamba kuna maumivu yanayomfukuza mtu na kuna yanayomrudisha, na yake yalimrudisha.

Yalipimwa pia. Mkulima mmoja wa Kinabati kutoka Sham, aliyekuja Madina kuuza chakula, alikuwa akimtafuta sokoni. Alimletea barua ya mfalme wa Ghassan: wamesikia kwamba sahibu yake amemtupa, basi aende kwao, watamliwaza. Hebu fikiria maneno hayo yakufikie wakati binamu yako hakujibu salamu! Kaab aliona kuwa huo nao ni mtihani. Akaitia barua tanurini.

Baada ya siku 40 wakaamrishwa kujitenga na wake zao. Alfajiri ya siku ya 50, Kaab yuko juu ya paa ameshaswali, akasikia sauti kutoka jabali la Sal' ikimpa bishara. Akaanguka sijida. Aya zilikuwa zimeteremka, ya 117 hadi 119 za Sura Tawba, na aya ya 118 yataja dhiki ya wale watatu. Mleta habari akavuliwa nguo mbili alizozivaa Kaab, na siku hiyo hakuwa na nyingine. Akaazima, ndipo akaenda msikitini. Talha bin Ubaydillah akainuka mbio kumpa mkono, na Kaab hakulisahau hilo maishani.

Kwa furaha alitaka kutoa mali yake yote sadaka. Mtume (S.A.W.) akamwambia abakishe kiasi, naye akabakisha fungu lake la Khaybar. Nadhani kuna busara hapa kwa sisi wa ahadi kubwa kubwa za Ramadhan. Ahadi aliyoishika yote ni nyingine: kwamba, kwa kuwa ukweli ndio uliomwokoa, hatasema ila kweli maisha yake yote.

Uzeeni Kaab alipofuka. Mwanawe Abdullah ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza, na ni kupitia kwake kisa hiki kikafika hadi kwa Bukhari na Muslim. Mzee alimsimulia yote, ukuta wa Abu Qatada na barua ya Ghassan, na hata lile la vipando viwili hakumficha.