Historia ya Mama wa Mishahara

Nilikuwa nimezama katika kazi ya kuandika programu ya mishahara, na kazi hiyo ndiyo iliyonileta kwenye makala ya leo. Mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya Linux na hifadhidata nivumilieni, kwa maana leo tutafika hadi Misri ya zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Tarakilishi tutazikuta njiani.

Kampuni moja ya hapa Nairobi inayokarabati nyumba za watu (vigae vya bafuni, makabati ya jikoni, paa zinazovuja, rangi) iliniita mwaka jana. Nilipofika ofisini nilikuta mlango ulioandikwa "Meneja wa Hesabu na Wafanyakazi". Ndani alikaa mama mmoja wa makamo, na mbele yake kauntabuku nene lenye mgongo mwekundu. Mafundi wote humwita Mama tu. Yeye ndiye anayelipa duka la vifaa, ndiye anayeajiri kibarua, ndiye anayepeleka makato ya serikali, na fundi akifiwa yeye ndiye anayepitisha daftari la mchango.

Nilidhani hiyo ni mbinu ya mwenye kampuni ya kulipa mshahara mmoja kwa kazi mbili. (Ubahili upo, sikatai.) Katika makampuni makubwa niliyowahi kufanyia kazi, watu wa hesabu na watu wa wafanyakazi hukaa ghorofa tofauti na hawasalimiani kwenye lifti.

Lile kauntabuku lilikuwa rahisi kulielewa. Kila mstari jina la fundi, kisha visanduku vya siku, ndani yake alama ya vema au sifuri. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na maneno maneno: "matanga Mwingi", "mvua", "katumwa hardware". Mimi kama mwanaprogramu nilipenda visanduku. Vema ni 1, sifuri ni 0, zidisha kwa malipo ya siku, toa makato, tuma kwa M-Pesa. Maneno ya penseli niliyaacha. Nikamwambia Mama, kwa kile kiburi chetu sisi watu wa programu, kwamba sasa anaweza kulipumzisha lile buku.

Jumamosi ya kwanza programu ilifanya kazi ya asubuhi nzima kwa muda usiozidi dakika mbili. Nilifurahi, nikaenda kula nyama. Jioni nikapigiwa simu. Fundi mmoja wa vigae alikuwa amekatwa siku tatu. Siku hizo nyapara alimtuma Industrial Area kubadilisha vigae vilivyokuja na rangi isiyo yake, akazunguka kwa wauzaji hadi akavipata. Hakuwa kwenye saiti, kwa hiyo nyapara aliweka sifuri kwenye simu, na programu yangu ikafanya nilivyoiamuru. Fundi alikuwa amemwahidi mwenye nyumba kodi siku hiyo hiyo. Alipofika na nusu ya pesa alikuta mlango umepigwa kufuli. Yeye na kijana wake wa darasa la sita walilala kwenye saiti, katikati ya mifuko ya saruji, hadi Jumatatu.

Jumatatu nilimkuta Mama ameshamlipa kutoka kwa pesa ndogo ndogo za ofisi. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, wewe uliuliza kama amekuja. Hukuuliza alikuwa wapi."

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilitaka kujua wengine waliotunza orodha za mafundi kabla yangu walifanyaje, na ndipo nilipokutana na kijiji kinachoitwa Deir el-Medina.

Kijiji hiki kipo upande wa magharibi wa mto Nile, ng'ambo ya mji wa leo wa Luxor. Kwa miaka mia nne hivi waliishi humo mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme katika Bonde la Wafalme: wachongaji mawe, wapiga lipu, wachoraji, maseremala. Waligawanywa vikosi viwili, wa kulia na wa kushoto, kila kikosi na nyapara wake. Na walikuwa na karani. Huyu karani ndiye aliyenifanya niketi wima kwenye kiti.

Karani aliandika nani amekuja kazini. Aliandika nafaka iliyogawiwa, kwa kuwa sarafu hazikuwepo na mshahara ulikuwa chakula: fundi wa kawaida alipata kwa mwezi magunia 4 ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri, na gunia lao lilikuwa kama lita 77. Patasi za shaba zilipimwa uzito zikitoka stoo na zikirudi, maana shaba ilikuwa mali na ingeweza kupungua kwa njia zisizoeleweka. (Mafundi wa saruji mnaonisoma, msicheke.) Hata tambi za taa zilizotumika ndani ya makaburi zilihesabiwa. Yaani stoo, mishahara na mahudhurio vyote vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja na kalamu yake ya tete. Kama wangekuwa na mlango wa ofisi, nadhani naujua ungeandikwaje.

Kuna jiwe moja la chokaa ambalo sasa liko British Museum, London. Ni orodha ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II, yaani katika karne ya 13 K.K. Majina ya mafundi 40 yamepangwa upande wa kulia. Mbele ya kila jina zimeandikwa tarehe ambazo hakufika, kwa wino mweusi. Na juu ya tarehe, kwa wino mwekundu, imeandikwa sababu.

Sababu zenyewe ni za watu kabisa. Ugonjwa ndio mwingi. Mwingine macho yanamuuma, na haishangazi kwa mtu anayechonga jiwe ndani ya shimo. Mwingine kaumwa na nge. Mwingine yuko nyumbani anapika pombe. Mwingine anamwandaa ndugu yake kwa mazishi. Wapo waliobaki nyumbani kwa kuwa mke au binti yuko katika siku zake. Yupo aliyekosa kazi kwa kuwa alikuwa akiwatengenezea wagonjwa dawa. Na wapo waliokuwa wakifanya shughuli za mkubwa wao.

Nilipofika hapo pa shughuli za mkubwa nilisimama, nikamkumbuka yule fundi wa vigae. Karani wa Farao alikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu hayupo kwa sababu katumwa, na hifadhidata yangu haikuwa nayo. Kwa lugha yetu ya kazi, yeye alikuwa na safu mbili, nyeusi na nyekundu, mimi nikaifuta nyekundu nikidhani nasafisha data.

Lakini kuna zaidi. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses III, miaka ya 1150 K.K., nafaka ilichelewa. Siku 20 za mwezi zikapita bila magunia. Karani wa wakati huo aliitwa Amennakht, na maandishi yake yamesalia. Hakungoja kwenye kibanda chake. Alikwenda mwenyewe kwenye hekalu la Horemheb akapewa magunia 46 ya ngano, akawaletea mafundi. Hayakutosha kumaliza tatizo. Baadaye mafundi waliweka zana chini, wakapita kuta za walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu wakisema wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana samaki wala mboga. Wanahistoria wengi huuhesabu huu kuwa mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa duniani. Papirasi yenye habari zake iko katika makumbusho ya Misri mjini Turin, Italia.

Sasa turuke miaka mingi, maana nimewaahidi tarakilishi.

Kazi hizi mbili zilianza kutengana makampuni yalipokuwa makubwa mno kiasi kwamba hakuna karani angeweza kuwajua watu wote, na serikali nazo zilipomgeuza mwajiri kuwa mkusanya kodi. Marekani ilianza kukata kodi kwenye mshahara wa kila mtu mwaka 1943, na Uingereza ikaleta PAYE mwaka 1944. (Ndiyo, hiyo hiyo inayokula payslipu yako. Tuliirithi kwa jina na tabia.) Hesabu ya mshahara mmoja, iliyokuwa siku mara malipo, ikawa na majedwali na makato juu ya makato. Mwaka 1949 Henry Taub alianzisha kampuni mjini Paterson, New Jersey, ya kuwafanyia wengine hesabu za mishahara, na hiyo ndiyo ADP ya leo. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye kampuni ambako mtu wa mishahara aliugua na wafanyakazi hawakulipwa kwa wakati.

London kulikuwa na J. Lyons, kampuni ya keki na mikahawa ya chai, ambayo ilijitengenezea tarakilishi yake. Iliitwa LEO, na mwaka 1951 ikawa ya kwanza kufanya kazi za kawaida za kibiashara. Kabla 1954 haijaenda mbali ilikuwa tayari inapiga mishahara. Karani mzoefu alihitaji dakika 8 kwa mfanyakazi mmoja, LEO ilihitaji sekunde moja na nusu. Namba hizo kila mwanaprogramu wa mishahara huzipenda, mimi pia. Ila sekunde moja na nusu ni ya kuzidisha na kutoa. Namba ya siku alizofanya mtu lazima ifike kwenye mashine ikiwa tayari ni kweli.

Kampuni ndogo za ujenzi na ukarabati hazikuwahi kutenganisha kazi hizi. Tazama Marekani, ambako cheo hiki cha hesabu na wafanyakazi ni cha kawaida katika kampuni za kukarabati nyumba. QuickBooks iliwafikia tangu 1992 na kuwapunguzia hesabu, lakini sheria ziliongeza upande wa watu. Tangu sheria ya uhamiaji ya 1986, kila anayeajiriwa hujaziwa fomu ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Tangu Aprili 2010, kampuni inayovunja ukuta uliopakwa rangi katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima iwe na fundi mwenye cheti cha kazi salama ya madini ya risasi, na kumbukumbu zitunzwe miaka mitatu. Je, cheti hicho ni karatasi ya mfanyakazi au ya hesabu? Kisipokuwepo faini inakuja kwenye vitabu. Kwa hiyo anakitunza yule yule.

Na hapa kwetu? Nilichukua Sheria ya Ajira ya 2007, kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla sijaandika hata mstari mmoja wa kodi (ya programu, si ya nyumba). Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata malipo ya siku ambayo mfanyakazi hakuja bila ruhusa au bila sababu halali. Soma tena hapo. Sifuri peke yake haitoshi kumkata mtu. Sheria yenyewe inataka ile safu nyekundu. Kifungu cha 37 nacho kinasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazotimiza mwezi, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi, na haki zinaongezeka. Hivyo vema zile zile zinazompa pesa ya Jumamosi ndizo zinazombadilisha kuwa mtu mwingine mbele ya sheria. Waajiri wengine wanalijua hilo. Mteja mmoja, si huyu wa vigae, aliwahi kunitaka niandike programu ya kumsimamisha kila kibarua kabla mwezi haujatimia na kumrudisha siku chache baadaye kama mgeni. Nilikataa, kazi akapewa mwingine, na bila shaka iliandikwa.

Baada ya hayo yote niliirudia programu. Mara ya kwanza niliweka orodha ya sababu sita za kuchagua: ugonjwa, msiba, likizo, ametumwa, hali ya hewa, bila sababu. Mama aliitazama, akaniuliza, "Na yule aliyebaki nyumbani kwa sababu mtoto amefukuzwa shule kwa karo, nimweke wapi?" Nikaondoa orodha, nikaacha sanduku tupu la kuandika. Wataalamu wa hifadhidata mtanisema, najua. Maandishi huru ni maumivu kwa ripoti. Pia niliandika sharti moja: sifuri isiyo na maneno haimkati mtu, inasubiri Mama aiangalie. Sasa mishahara ya Jumamosi inachukua dakika arobaini. Mwenye kampuni ameniuliza mara mbili kwa nini ile ya kwanza ilikuwa ya kasi zaidi.

Wiki iliyopita nilifungua jedwali kuangalia ukubwa wa lile sanduku. Kuna "matanga Kitui", kuna "mvua, saiti imejaa maji", kuna "katumwa kurudisha sinki", kuna "nyuki ndani ya dari, wote watatu". Fundi wa vigae bado yupo, anamalizia jikoni moja huko Lang'ata. Kauntabuku nalo bado liko mezani kwa Mama. Nilipomuuliza analiandika la nini alisema stima ikipotea tutajuana.