Baba Alitaka Sura za Wakubwa, Mtoto Akachora Tikiti

Kila nikiweka picha ya chakula hapa, hakosi mtu wa kuniuliza, "Kwani hauna kazi?" Sawa. Leo twende Philadelphia, Marekani, miaka mia mbili iliyopita, kwa jamaa aliyesumbuliwa kuhusu jambo hilo hilo na babake mzazi.

Anaitwa Raphaelle Peale, mzaliwa wa 1774. Babake, Charles Willson Peale, alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa. Alimchora George Washington ana kwa ana, tena si mara moja, na alikuwa na makumbusho yake mjini humo. Mzee alipenda sanaa hadi akawapa watoto majina ya wachoraji wa Ulaya: Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian. Yaani ukizaliwa nyumba hiyo, kazi yako ishaamuliwa.

Shida ni kwamba enzi hizo sanaa ilikuwa na ngazi. Juu kabisa, picha za historia, vita na Biblia. Halafu sura za watu, maana tajiri atalipia sura yake. Chini kabisa, matunda na sahani. Mzee akamsukuma kijana arudi kwa sura za watu, penye pesa. Raphaelle alizichora, ndiyo, lakini hazikumtoa. Moyo wake ulikuwa mezani.

Na hapo mezani, jamaa alikuwa moto! Tazama picha yake ya 1813, Melons and Morning Glories. Tikiti maji limepasuliwa, nyama yake nyekundu, mbegu zimejitokeza, maua yamelizunguka. Nyuma ni giza tupu, kwa hivyo jicho halina pa kukimbilia. Kwingine alichora kipande cha nyama mbichi ya ng'ombe na mboga kando. 1818 akachora keki, zabibu na glasi ya divai. Hakuna jenerali, hakuna farasi. Ni chakula tu, kimetazamwa kwa makini kama mtu muhimu.

Na hilo tikiti lina historia yake pia. Asili yake ni huku Afrika, likavuka bahari hadi likafika kwenye meza za Marekani. Kwa hivyo nani alisema chakula si historia?

Leo wanahistoria wa sanaa wanamhesabu Raphaelle kuwa Mmarekani wa kwanza kuifanya kazi hii ya kuchora vyakula na vitu vya mezani kama taaluma. Lile tikiti liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, mji uliopewa jina la mtu yule yule ambaye babake alimchora. Acha hiyo iingie kidogo.

Lakini siwezi kuwadanganya kwamba mambo yalimwishia vizuri. Picha hizo ziliuzwa kwa bei ya chini. Jongo lilimshika hadi mikononi, mikono ya mchoraji jameni, na pombe nayo ikamwandama. Alifariki 1825 akiwa na miaka 51, bila pesa. Babake alimzika mwanawe, akaishi miaka miwili zaidi.

Ndiyo maana mimi sipendi ile kauli ya "usijali, siku moja watakutambua." Siku moja gani? Heshima ya makumbusho hailipi kodi ya nyumba. Kama kuna mtu mtaani kwenu anafanya kazi ndogo kwa ustadi mkubwa, mwambie leo. Halafu mlipe.